Nimechomwa na sindano ya mdogo wangu: nianze na mimi au na yeye?

*Shikamoo daktari. Mimi nauza mchele Mwanjelwa, hapa Mbeya. Mdogo wangu ana miaka 26, alikuwa utingo wa malori ya Tunduma, sasa hana kazi. Jana jioni nilikuwa nafua jaketi lake nikachomwa kidole na sindano iliyokuwa mfukoni. Tulijua anavuta bangi tu, kumbe anajidunga unga (heroini). Amekonda, na anakohoa. Baba mdogo anasema tumpeleke kwa bibi Makete akafungiwe ndani mpaka dawa zimtoke, akishaacha ndipo tumpeleke akapimwe Ukimwi. Mama hajui lolote. Nianze na mimi au na yeye? Na je, naweza kumpima bila yeye kujua? Ndaga.*

Marahaba, dada. Habari ya kidole nilikujibu usiku uleule, na nimefurahi kusikia kwamba asubuhi yake ulikwenda kituo cha afya, ukapimwa, ukapewa dawa. Nairudia hapa kwa ajili ya wengine, maana wapo wanaochomwa wakakaa kimya wiki nzima kwa aibu, na wiki hapa ni ndefu mno. Dawa za kuzuia maambukizi baada ya tukio zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kila saa unayoiwahi ni faida. Humezwa siku 28 bila kuruka. Kidonda chenyewe unakiosha kwa sabuni na maji yanayotiririka, basi. Usikiminye kutoa damu, usikinyonye, wala usikimwagie jiki. Wapo waliojiunguza vidole kwa jiki wakidhani wanaua virusi.

Hofu nayo tuipime kwa kipimo chake. Kwa uzoefu wa wahudumu wa afya waliochomwa na sindano yenye damu ya mtu mwenye VVU, kati ya 1,000 huambukizwa takriban 3 kama hawakumeza dawa yoyote. Ni wachache, ila hakuna anayetaka kuwa mmoja wao, ndiyo maana unameza. Utarudi kupimwa baada ya wiki sita na tena baada ya miezi mitatu. Muulize muuguzi pia kuhusu chanjo ya homa ya ini B, kwa sababu virusi vya homa hiyo hupita kwenye sindano kwa urahisi kuliko VVU.

Sasa fanya hesabu ya mdogo wako. Wewe umechomwa mara moja, kwa bahati mbaya. Anayejidunga unga kwa kawaida hufanya hivyo mara mbili, tatu au nne kwa siku, kwa sababu unga hauchukui muda mrefu kabla arosto, yale mateso ya mwili kukosa dawa, haijaanza kubisha hodi. Kujidunga kwa bomba la sindano lililotumiwa na mtu mwenye VVU kuna hatari ya takriban mara 63 katika kila 10,000, karibu mara mbili ya hatari yako wewe. Namba hiyo ukiiangalia peke yake ni ndogo. Izidishe kwa mara tatu kwa siku, kwa mwezi, kwa mwaka, utaelewa kwa nini sikubaliani kabisa na baba mdogo kwamba kwanza aache, ndipo apimwe. Nawajua vijana waliotumia miaka minne na zaidi wakiahidi kuacha kila Jumatatu. Miaka yote hiyo ndugu zao walisubiri waache ndipo wawapeleke kupima, na virusi havikusubiri.

Kwa hiyo swali lako la kwanza nalijibu hivi: mnaanza wote wawili, wiki hiihii, yeye akiwa bado anatumia.

Kuna jambo la sindano na hali yetu ya hewa ambalo wengi hawalijui. Mwaka 2000 watafiti wa chuo kikuu cha Yale, Marekani, walichapisha matokeo ya kuhifadhi mabomba yenye mabaki ya damu yenye VVU katika viwango tofauti vya joto. Kwenye joto la nyuzi 27 hadi 37, ambalo ni joto la Dar es Salaam, baada ya siku saba bomba lenye virusi hai lilikuwa chini ya moja kati ya mia. Kwenye nyuzi 20 walivipata virusi hai hadi siku ya 21. Kwenye baridi ya nyuzi 4, nusu ya mabomba yalikuwa bado na virusi hai siku ya 42, na waliishia hapo kwa sababu hawakupima zaidi. Sasa fikiria jaketi linaloning'inia nyuma ya mlango huko Mbeya mwezi wa saba, usiku baridi inashuka chini ya nyuzi 10. Au bomba lililochomekwa kwenye ufa wa ukuta wa kijiwe kule Makambako. Kijana anayesema "hili la juzi, limeshakauka" hajui kwamba baridi yetu inavitunza virusi. Damu iliyobaki ndani ya bomba haikauki kama tone lililodondoka mezani. Imefungiwa, haipigwi na hewa.

Halafu kuna mkoa wenyewe. Utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 ulikuta watu wa miaka 15 na kuendelea wanaoishi na VVU ni asilimia 4.4 nchi nzima. Njombe ilikuwa 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6. Sehemu kubwa ya maambukizi haya huku kwetu haikutokana na sindano. Ni ngono, barabara kuu ya Zambia, vilabu vya pombe, kazi za kuhamahama kwenye mbao na chai. Ila bomba likiingia katika mji ambao karibu mtu mmoja kati ya kumi ana virusi, halihitaji kuzunguka mikono mingi kabla halijakutana navyo. Na kijana asijidanganye kwamba alipata tohara kwenye kampeni. Tohara inapunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa na mwanamke kwa takriban asilimia 60, lakini kwa sindano haisaidii chochote.

Utamwambiaje, basi, huyu ambaye leo usiku atajidunga tena? Hapa ndipo ndugu wengi hunikasirikia, kwa sababu namwambia kijana ajidunge kwa usalama, nao wanaona nambariki. Simbariki. Namwambia awe na bomba lake, jipya, la kutumia mara moja, na asimpe mtu wala asipokee la mtu. Bomba jipya duka la dawa ni bei ndogo kuliko kete, kile kipakti cha unga, na mwenye duka hahitaji kuelezwa la nini. Kama kuna muuza duka anayemfukuza kila mwenye sura ya uteja, mwende ninyi mkanunue. Na wanachosahau wengi ni vile vingine: kijiko, pamba ya kuchujia, maji ya kuyeyushia. Nimekutana na vijana wanaoapa hawajawahi kuchangia sindano, na ni kweli, kila mmoja ana yake. Lakini wanachota kutoka kijiko kimoja. Bomba la mmoja likirudi kijikoni na damu kidogo, kijiko kizima kimeingia damu. Virusi vya homa ya ini C ndivyo hupenda njia hiyo zaidi, vigumu kuliko VVU, na vinaweza kukaa ndani ya bomba kwa wiki kadhaa.

Wapo wanaosuuza kwa jiki. Kusuuza ni afadhali kuliko kutofanya lolote pale ambapo hakuna njia nyingine: maji safi, kisha jiki isiyochanganywa na maji ikae ndani ya bomba angalau nusu dakika, kisha maji safi tena, na kila maji yamwagwe, yasirudiwe. Lakini ni njia ya mtu aliyekwama. Asiifanye desturi.

Swali la kumpima kwa siri. Hapana, dada, na nasema hapana kwa sababu mbili. Sheria ya VVU na Ukimwi ya mwaka 2008 inataka upimaji uwe wa hiari, na majibu ni mali ya aliyepimwa. Sababu ya pili ndiyo nzito zaidi. Tuseme umepata mate yake kwa ujanja, ukapima, ukakuta mistari miwili. Utafanya nini na siri hiyo? Utamwambia ameze vidonge vya nini? Siku akijua, atakuondoa katika orodha ya watu anaowaamini, na orodha yenyewe pengine ina jina lako tu.

Kuna kipimo cha kujipima mwenyewe kwa kupangusa ufizi, kimeruhusiwa nchini tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2019. Kiulizie kituoni. Mpe mkononi, mwambie ukweli: "Nimechomwa na sindano yako, nameza dawa siku 28, naumwa kichefuchefu kila asubuhi. Nataka kujua kama tuogope au tusiogope." Maneno hayo yana nguvu kuliko mahubiri. Yanampa nafasi ya kufanya jambo kwa ajili yako, na teja aliyezoea kuhesabiwa kuwa mzigo hapati nafasi hiyo mara nyingi. Usimwambie mbele ya baba mdogo, wala wakati ana arosto. Mtafute saa moja au mbili baada ya kutumia, wakati ametulia na hajasinzia. Ndiyo, nakuambia uzungumze naye akiwa ameshatumia. Mwenye arosto hasikii kitu ila mifupa yake.

Kipimo hicho kikionyesha mistari miwili, bado atapimwa upya kituoni ndipo ihesabiwe ni jibu. Kikionyesha mmoja, arudie baada ya miezi mitatu kwa sababu maambukizi mapya huwa hayaonekani mapema.

Akiwa hana virusi, kuna dawa ya kinga ya kumeza kila siku, ile waliyozoea kuiita PrEP, na wanaojidunga wamo katika makundi yanayostahili kuipata. Inafanya kazi akiimeza. Ukimkuta asubuhi hajameza, mpe pamoja na chai. Kondomu nazo zisikosekane, kwa sababu unga una mambo yake na ngono: wengine hupoteza hamu, wengine hulipwa kete badala ya pesa, na hapo hakuna anayejadiliana.

Akiwa na virusi, aanze dawa siku hiyohiyo au ndani ya wiki. Tangu 2016 nchini hatusubiri CD4, zile chembe za kinga mwilini, zishuke. Kidonge ni kimoja kwa siku, chenye dawa tatu ndani, dolutegravir ikiwa mojawapo. Na nikanushe hapa uzushi niliousikia hata kwa watoa huduma: kwamba anayetumia unga asipewe dawa za kufubaza virusi kwa kuwa "atachanganya". Si kweli. Unga hauzuii ARV kufanya kazi, kinachozizuia ni kuzisahau. Akimeza vizuri, wingi wa virusi ukashuka hadi kutogundulika kwenye damu, hamwambukizi mwenza wake kwa ngono. Kuhusu sindano hatusemi hivyo kwa uhakika uleule, ndiyo maana bomba linabaki kuwa lake peke yake hata hapo.

Sasa nije kwenye methadoni, maana naona katika barua yako hakuna aliyewatajia, na ndiyo dawa iliyobadilisha kazi yangu. Tanzania ilianza kuitoa Muhimbili Februari 2011. Mbeya ilipata kliniki yake mwaka 2017, kwenye Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Huna haja ya kupanda basi la Dar kumtafutia. Ni bure. Kwa kawaida kijana huingia kupitia waelimishaji rika na asasi zinazowafikia watumiaji vijiweni, ambao wengi wao walikuwa watumiaji wenyewe, au hupelekwa na kituo cha afya. Atapimwa mkojo, atahojiwa, atahudhuria vikao kadhaa vya maandalizi. Kliniki hupenda kuona ndugu mmoja anayemsindikiza. Huyo ni wewe.

Methadoni ni dawa ya maji, hunywewa mbele ya muuguzi. Ukisimama dirishani utaona: kikombe kidogo cha plastiki, kijana anakunywa, anaongezewa maji kidogo anasuuza kikombe, anakunywa tena. Kisha sista anamuuliza kitu chochote, jina la mama yake au ameamkaje, ili ajibu. Anayejibu amemeza. Wapo waliokuwa wanaificha shavuni wakaiuze nje.

Inakaa mwilini karibu siku nzima, kwa hiyo dozi moja inatosha mpaka kesho. Haimpi ule ulevi wa unga, inaondoa arosto na kutuliza kiu. Kijana ambaye alikuwa anaamka akiwaza atapata wapi pesa ya kete ya kwanza, sasa anaamka akiwaza foleni. Hilo tu linamrudishia saa kumi na mbili za siku yake. Na kwa VVU, tafiti zilizokusanywa pamoja na kuchapishwa 2012 zilikuta kwamba tiba hii inapunguza maambukizi kwa wanaojidunga kwa zaidi ya nusu. Shirika la Afya Duniani liliiweka katika orodha ya dawa muhimu tangu 2005. Wanaosema "mnabadilisha teja wa unga awe teja wa hospitali" nawajibu hivi: mgonjwa wa kisukari naye ni teja wa insulini?

Si tiba ya wiki mbili, hata hivyo. Ni miaka. Huanzishwa kwa dozi ndogo, miligramu 15 hadi 30, ikapandishwa taratibu, na wengi hutulia kati ya 60 na 120. Wiki mbili za mwanzo ndizo za kuogopa. Dozi haijatosha, arosto inabaki, kijana anaongezea kete pembeni, au anashusha na valiamu (dawa ya usingizi), au anapitia kilabuni kwa komoni. Methadoni na pombe, methadoni na valiamu, vyote vinalaza pumzi. Mtu hulala akikoroma na haamki. Akikosa siku tatu mfululizo, asirudi kunywa dozi yake ya zamani kana kwamba hakuna kilichotokea. Aseme ukweli dirishani, watampunguzia waanze kupandisha upya. Na akisafiri, iwe Kyela au Iringa, aiage kliniki mapema. Msiba hautoi taarifa, ndiyo, lakini piga simu.

Umesema anakohoa. Hilo nimelibakiza hadi hapa kwa makusudi, kwa sababu linaungana na methadoni kwa njia ambayo ilinifundisha adabu.

Miaka kadhaa nyuma, katika kliniki moja niliyofanyia kazi, tulikuwa na kijana aliyetulia vizuri kwenye methadoni kwa miezi saba. Hakosi, hachelewi, ameanza kuuza mitumba. Akapatikana na kifua kikuu, akaanzishiwa dawa kwenye jengo jingine. Wiki ya pili akaja dirishani na jasho, kamasi zinamtoka, anapiga miayo, anasema sista anachanganya maji kwenye dawa. Sista akakasirika, na ana haki yake. Tukasema ameanza kuchepuka, au anatema dozi ili aiuze. Mimi mwenyewe nilimwambia kwa sauti ya juu mbele ya wenzake kwamba namjua mwongo nikimwona. Siku nne. Siku ya tano mfamasia akafungua faili lake la kifua kikuu, akanyosha kidole kwenye neno moja: rifampicin. Dawa hiyo huliamsha ini likaivunja methadoni haraka kuliko kawaida. Dozi yake ya kila siku ilikuwa inaisha mwilini kabla ya jua kuzama. Hakuwa mwongo hata kidogo. Tulimpandishia dozi, akatulia. Nilimwomba radhi mbele ya foleni ileile, kwa sababu matusi nayo niliyatoa mbele ya foleni.

Kwa hiyo, kohoo lake lipimwe sasa, kabla ya lolote, na kila mahali mtakapokwenda mseme dawa zote anazotumia. Kifua kikuu na methadoni: dozi ya methadoni ipandishwe, kisha ishushwe taratibu matibabu ya kifua yakiisha, la sivyo itamlemea. Kifua kikuu na ARV yenye dolutegravir: huongezewa kidonge kimoja cha dolutegravir baada ya saa 12, kwa sababu rifampicin inaivunja hiyo pia. Watoa huduma wanayajua haya, ila faili likiwa majengo mawili, anayeyaunganisha ni mgonjwa au dada yake. Andika kwenye daftari. Daftari la shule linatosha.

Na Makete? Namheshimu baba mdogo, na najua anatafuta pa kumpumzisha mtoto. Akifungiwa, arosto itaanza saa sita hadi 12 baada ya kete ya mwisho, itafika kileleni siku ya pili au ya tatu: kuharisha, kutapika, maumivu ya mifupa, kukosa usingizi, na baridi ya Makete juu yake. Wengi hutoka wazima, mradi wanywe maji ya kutosha. Wiki moja, mbili, mwili umetakata. Familia inachinja kuku. Hatari inaanzia hapo hasa. Ile kete aliyoizoea mwili wake haiwezi tena kuibeba. Akirudi Mbeya, akakutana na wenzake stendi ya Nane Nane, akajidunga kiasi kilekile cha zamani, anaweza kufa sindano ikiwa bado mkononi. Ndivyo wanavyokufa pia wengi wanaotoka gerezani, na wanaotoka nyumba za upataji nafuu bila kuunganishwa na tiba. Sizikatai nyumba hizo, zipo zinazofanya kazi nzuri. Nakataa kumtoa mtu unga kwa nguvu kisha kumrudisha mtaani bila methadoni wala maarifa. Na kumfunga mtu kwa kamba au kufuli ni kosa, hata kama anayefunga ni bibi.

Kwa sababu anaishi nanyi, jueni dalili za kuzidiwa: anakoroma isivyo kawaida, pumzi zinahesabika na zina mapengo, midomo na kucha zinapauka au kuwa za bluu, mboni za macho ni ndogo kama kichwa cha pini, mkimwita haitiki. Mtikiseni, mwiteni kwa jina. Asipoitika na pumzi ni hafifu, mpulizieni hewa mdomo kwa mdomo, pumzi moja kila sekunde tano, huku mtu mwingine akitafuta bajaji. Akianza kupumua mwenyewe, mlazeni ubavu. Hospitalini ipo naloksoni, sindano inayouondoa unga kwenye ubongo kwa dakika chache tu. Lakini naloksoni yenyewe huisha baada ya dakika 30 hadi 90, na unga bado upo, kwa hiyo asiruhusiwe kuondoka akisema amepona. Msimnyweshe maziwa. Ujuzi huo wa maziwa umesambaa Tanzania nzima na umewapalia watu. Wala maji ya baridi, wala chumvi.

Kuhusu mama: umwambie au usimwambie, mwache mdogo wako aamue. Mwambie tu kwamba jaketi lisipekuliwe na mtu mwingine.

Jambo la kiutendaji. Januari 2025 misaada ya Marekani iliposimamishwa, huduma za vijiweni zilitikisika sehemu nyingi, na dawa ya kinga kwa watumiaji ni kati ya zilizobanwa kwanza. ARV na methadoni hazikutoweka, lakini mahali ulipoambiwa na jirani mwaka juzi huenda pamefungwa au pamehama. Usimtembeze kijana mwenye arosto kutoka mlango hadi mlango, atakukimbia mlango wa pili. Nenda kwanza wewe peke yako asubuhi moja, uulize dirisha, siku na saa, ndipo umpeleke. Nenda naye mapema, ameshatumia au hajatumia, ila awe anaweza kukaa kwenye benchi.

Umeniuliza pia, katika ujumbe wa mwisho, kuhusu mwanamke aliyezaa naye, anayeishi Mbalizi. Naye apimwe, na mtoto kama hajawahi kupimwa. Kama naye anajidunga, ujue wanawake hujidunga wa mwisho mara nyingi, kwa bomba lililokwisha kupita kwa mwanamume, na ndiyo maana VVU ni vingi zaidi kwao. Mabinti hao hawaji kliniki kwa urahisi kwa kuogopa kunyang'anywa watoto, na foleni imejaa wanaume wanaowajua. Ukienda naye, mshike mtoto wewe, aingie peke yake.

Na sindano iliyo ndani ya jaketi: usiitupe jalalani wala chooni. Chukua dumu la mafuta ya kupikia la lita moja, plastiki ngumu, uitumbukize sindano ikitangulia ncha, bila kuifunika kofia yake, kwa sababu wengi huchomwa wakifunika. Dumu liwe chini ya kitanda chake, si chako, naye ajue ni la nini. Likijaa robo tatu, fungeni kifuniko, mlipeleke kituo kile ulikopata dawa zako. Watalipokea.